Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa kumi na robo badala ya saa tisa,
maana ufunguo wa ofisi ya kata ulikuwa Mbagala
na mwenye ufunguo yuko msibani.
Tuliketi nje, kwenye mabenchi ya kuazima, Buza, upande wa kivuli.
Waliohudhuria: walezi kumi na mmoja,
na watoto ambao hawakutulia wahesabiwe.

Kumbukumbu zilizopita zilisomwa, zikathibitishwa
isipokuwa neno moja. Niliandika "mama wa kambo".
Bi. Sikudhani akasema, futa.
Kambo ana sufuria mbili, ya wali wa wanawe na ya ukoko wa mwenzie.
Mimi ninayo moja, tena imetoboka.
Nikafuta. Nikaandika "mlezi".
Akasema, haya, endelea.

Habari.
Ngonyani na mkewe wamepokea mapacha usiku wa Jumanne.
Afisa ustawi alipiga simu saa sita: ni wa siku mbili tatu tu.
Tulicheka mpaka mlinzi akatoka kutazama.
Kila mmoja wetu ana siku mbili tatu zake nyumbani;
za Chausiku zimeingia darasa la tano.
Mapacha wana upele. Wanahitaji chandarua,
na mkewe akiwa zamu, mtu wa kumfundisha Ngonyani kusuka nywele.
Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Enelesi,
yule aliyesema mwezi jana kuwa hasaidii mtu tena.

Msaada wa sare haujafika. Fomu sasa zinataka picha
zenye bluu nyuma. Zetu zina nyekundu.
Hatukulijadili hili. Tulishusha pumzi,
na pumzi haina pa kuandikwa.

Yatokanayo.
Mjumbe mmoja alieleza kuwa anaye binti wa miaka sita
aliyeletwa kwake na kandambili mbili, zote za kushoto.
Jina lake Semeni, na hakusema.
Miezi minne hakusema.
Walichambua mchele pamoja, mjumbe chuya, mtoto vijiwe,
redio ikiongea kwa niaba yao,
mpaka siku ya mvua, maji yanaingia kwa mlango,
mtoto akakamata ndoo, akasema, "Shika huku."
Mjumbe alishika huko.

Sasa shangazi amepatikana, Kilwa Masoko.
Ana nyumba. Ana barua ya mwenyekiti wa kijiji.
Ana macho yaleyale, mjumbe ameyaona kwenye simu ya afisa.
Ni habari njema. Iandikwe hivyo: ni habari njema.
Ndiyo kazi tuliyoitia saini.
Kikao kikauliza, lini?
Mjumbe akajibu, Ijumaa hii, na

*

Mwandiko huu ni wa Chausiku, mnisamehe herufi.
Katibu ameshindwa kuendelea, yupo bombani ananawa uso.
Bi. Sikudhani amesema watu husema
uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Kikao kimeazimia methali hiyo irudishwe kwa walioitunga
ikafanyiwe marekebisho.
Enelesi atalala kwa katibu Ijumaa na Jumamosi.
Asiambiwe apige moyo konde. Apikiwe uji.
Ngonyani atanunua kandambili, moja ya kulia, moja ya kushoto,
saizi kubwa kidogo, maana mtoto anakua.
Katibu anarudi. Namwachia kalamu.

*

Mengineyo: hayakuwepo.
Au yalikuwepo, lakini jua lilikuwa limeshuka
na mapacha walikuwa wanataka kula.
Semeni alikuja akaegemea goti langu,
akauliza nimeandika nini kirefu hivi.
Nikamsomea yote, nikaruka siku.
Akasema, umeruka.
Nikamsomea na siku.

Kikao kiliahirishwa saa kumi na mbili kasoro.
Mabenchi yalirudishwa.
La mwisho lilibebwa na watu wawili,
mmoja mfupi, aliyetangulia,
akielekeza.