Nyuma ya Stakabadhi

Mimi ni karani wa mzani, ghala la korosho, Kitangari.
Kazi yangu kusoma sindano na kuandika namba,
na namba, nikwambie kweli, hazichekeshi.
Kwa hiyo nyuma ya stakabadhi zilizoharibika,
zile ambazo kaboni imeteleza au jasho limefuta jina,
naandika madogo ya wiki.

Jumatatu sikupata kitu.
Jumatatu ilikuwa magunia tu.

Jumanne alfajiri nikamkuta kuku wa Somoe, yule wa kishungi,
amelala juu ya mzani mdogo: kilo moja, gramu mia tatu.
Nikamwacha. Nani amfukuze mteja wa kwanza?
Nikanywa chai. Nikarudi. Sindano palepale.
Akashuka, akatangaza mtaa mzima,
na sindano ikabaki kwenye gramu hamsini na mbili.
Kumbe mzani haujali yai liko tumboni au liko nje,
wote ni mzigo mmoja mpaka mama aondoke.
Elimu hii sijui nitaipeleka wapi.
Nimeiandika.

Kufuli la ghala liligoma.
Miaka miwili tunalinywesha mafuta,
kumbe mafuta yanalilisha vumbi.
Mtoto wa mlinzi, Hashiri, darasa la tano,
akakwangua penseli kwa wembe, akaupuliza ule unga mweusi tunduni,
akazungusha ufunguo kwa vidole viwili
kama anayekoroga kikombe cha mtu mwingine.
Tena akatudai penseli yake.

Ndoo ikipata ufa, na maji huku juu Makonde
tunayajua kwa bei kabla ya kuyajua kwa ladha,
sugua sabuni ya mche kwa nje, ikaze, ishike.
Itakufikisha nyumbani.
Isikufikishe Jumapili; nunua ndoo.

Mbuzi wa mwalimu Nampoto alikula mabibo yaliyochacha.
Alisimama pembeni ya njia, kichwa chini, kwa heshima zote,
akiusubiri mkorosho upite.

Na Likoko, mpakiaji, gunia begani, akaniuliza:
mbona kila tunda huficha mbegu ndani,
bibo peke yake limeiacha inaning'inia nje,
kama mtu aliyefunga mlango
akakumbuka ufunguo uko barazani?
Sikuwa na jibu. Nikaandika swali.
Swali nalo ni mali, halichukui nafasi ghalani.

Sasa, stakabadhi mbovu ziliniishia
nikaandika nyuma ya nzima,
na ile nzima nikampa Abilahi Chinduli, magunia mawili, daraja la kwanza.

Alhamisi akarudi na baiskeli,
karatasi imekunjwa ndani ya kofia.
Foleni ikanyamaza. Mkulima akirudi na karatasi
huwa kuna kilo zimepotea.
Mwenyekiti akaweka kikombe chini.
Mimi nikaanza kuhesabu dhambi zangu, hata zisizo za mzani.

Abilahi akaigeuza karatasi.
"Hii ya kufuli," akasema, "nani kaandika?"
Nikainua mkono nusu.
"Nimejaribu kwenye sanduku la marehemu shemeji.
Miaka tisa lilitukatalia. Fundi kashindwa, nyundo imeshindwa.
Nikaazima penseli kwa jirani, nikakwangua,
likafunguka, taratibu, bila hata kulalamika."

"Mlikuta nini?" Foleni yote, sauti moja.

"Penseli," akasema Abilahi.
"Dazeni sita. Alikuwa mwalimu."

Aliyecheka kwanza ni mwenyekiti, chai ikamtoka puani.
Somoe akakaa chini kabisa juu ya gunia la mtu.
Abilahi mwenyewe alijizuia, alijizuia,
halafu kofia ikamdondoka.

Hashiri alilipwa deni lake, na riba ya penseli mbili.
Mimi nilipewa moja. Ndiyo hii.
Inachongeka vibaya, ncha yake hukatika,
lakini unga wake nauweka kwenye kiberiti kitupu,
maana tangu siku ile, kabla hajauliza bei ya korosho,
kila anayefika dirishani huigeuza kwanza stakabadhi yake,
asome nyuma.