Herufi Moja

Sigara ya kwanza niliuziwa na Nyar Ugenya
pale Kondele, chini ya mwavuli wa bluu,
kiberiti chake cha gesi kikining'inia
kwa utepe wa mpira wa baiskeli.
Hakuinua macho. Alisema,
“Omera, moja au mbili?”
Omera. Yaani ndugu. Yaani mwanamume.
Nilikuwa na miaka ishirini na sijawahi kuitwa hivyo
na mtu asiyenicheka.
Nikanunua mbili.

Kwa nini nisirudi kesho yake? Kwa shilingi kumi
napewa moshi, na jina juu yake
kama nyongeza ya maharagwe sokoni.

Nyumbani walinipa jina linaloanza na A.
Mimi nilitaka O tu,
herufi moja, si shamba, si ng'ombe:
Okeyo.
Baba akasema herufi hiyo haigawiwi, mtu huzaliwa nayo.
Basi nikajifunza kuipuliza.
Jioni, nyuma ya karakana ya makochi Kibuye,
mbali na gundi ya sponji isije ikatulipua,
nilitoa pete za moshi, moja moja,
O. O. O.
Zilielea kidogo, zikapanuka, zikaisha,
mafundi wakapiga makofi,
na sauti yangu ikaanza kukwaruza vizuri kama msasa.
Kifua nimekifunga, fegi mdomoni,
nani angeuliza zaidi?

Miaka tisa.

Halafu Nesi Khavere akashika karatasi ya vipimo
(tangu nianze sindano hunipima damu kila miezi mitatu)
akasema, “Damu yako ni nzito, Okeyo.
Sindano peke yake naiweza.
Sindano na sigara, hizo zitakuziba mahali.”
Damu nzito kuliko maji, nilitaka kumtania,
lakini utani ukanikwama.
Wenye damu yangu sijawaona tangu mazishi ya nyanya,
waliponiambia nikae na wanawake au niondoke.
Damu yote nzito niliyobaki nayo ndiyo hii,
kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau.

Nikaacha tarehe tatu. Nikarudia tarehe sita.
Nimeacha tena.
Natafuna njugu hadi taya linauma.
Nimemfokea mteja kwa ajili ya mguu wa kochi.
Usiku mkono unapapasa mfuko wa shati
ambao niliushona mwenyewe ukafungika.

Aliyeumia zaidi ni Roselida.
Jumamosi, kikao chetu kikiisha, tulikuwa tunatoka wawili
tukaegemea ukuta wa nyuma,
kucha zake nyekundu, njiti moja,
vichwa vimekaribiana ili upepo wa ziwa usiuzime moto.
Hapo ndipo aliponiambia habari za polisi wa Nyalenda.
Hapo ndipo nilipomwambia habari za nyanya.
“Ukiacha,” alisema, “nitasimama na nani?”
“Na mimi.”
Nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi.
Akavuta, akageuza uso apulize kwingine,
kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa kanisani.

Kuacha. Neno hili nalijua kutoka upande ule mwingine;
mimi ndiye niliyeachwa.
Sasa ni zamu yangu, na najaribu kuacha
bila kumtupa mtu.

Leo nimepita kwa Nyar Ugenya.
Nilikuwa naogopa: bila sigara, ataniitaje?
Nikaomba peremende.
Akahesabu chenji, na safari hii akainua macho,
akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.
“Omera,” akasema, “uko mgonjwa?”

Nikafungua kinywa nimjibu.
Hewa ikaingia, baridi, haina ladha ya kitu,
na midomo ikakaa duara yenyewe
kabla sijachagua neno.