Pensheni ya Pili

Miaka thelathini na mmoja nilimwaga shaba,
kisha nikaambiwa: nenda nyumbani, tutakuita.
Hawajaita.
Faili langu limelala katika droo
ambayo ufunguo wake uko mfukoni
mwa karani aliyestaafu naye.

Basi mjukuu wangu Mwika akanifungulia ukurasa.
"Babu, wewe andika tu. Matangazo yatakuja yenyewe
kama kumbikumbi kwenye taa."
Nikaketi hapa Katuba, chini ya balbu inayosinzia,
nikagonga herufi kwa kidole kimoja,
kile kilichobaki na kucha.

Niliandika juu ya tanuru, na rangi ya shaba iliyoiva:
si nyekundu, si chungwa,
ni ile ya ndani ya mdomo wa mtoto anayelia juani.
Kando ya maneno yangu likaning'inia tangazo la nywele bandia,
msichana akicheka, jirani na moto wangu.
Mwezi mzima, senti arobaini.
Kifurushi cha mtandao kilikula dola tatu.
Mke wangu Ngosa akapiga hesabu kwa vipande vya makala:
"Kwa hiyo unalipa ili ufanye kazi.
Hata Wabelgiji hawakufika huko."

Kisha akafa Kapya, wa zamu ya usiku.
Nikaandika jina lake, namba yake ya kazi,
na jinsi alivyokuwa akibandika makayabu juu ya bomba la moto
yaive kabla ya king'ora.
Kulipokucha wasomaji walikuwa elfu nne,
watoto wa kampi waliotawanyika, Ndola, Liège, Johannesburg.
Kando ya jina la marehemu, tangazo la bia baridi.
Dola kumi na tisa.

Tulinunua unga, mafuta, lengalenga.
Ngosa akasimamisha tonge la bukari njiani:
"Hii ni ya Kapya?"
Nikapuliza mboga iliyokwisha poa.

Tangu hapo nikajikuta nazunguka kwa wenzangu,
nikiulizia kikohozi cha Mukalay kwa makini kupita kiasi.
Naye si mjinga.
"Unanipimia mbao, au unanipimia dola?"
Tulicheka mpaka akakohoa kweli,
na mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku hizi nawaandika wakingali hai.
Hawasomwi sana. Mukalay ana wasomaji sitini
na tangazo la dawa ya meno,
yeye asiye na jino hata moja.
Namsomea kwa sauti, ananisahihisha:
haikuwa zamu ya tatu, ilikuwa ya pili,
na mvua ilikuwa inanyesha.

Mwisho wa mwezi pesa huingia kwenye simu.
Nusu inavuka barabara kwa mjane wa Kapya.
Anahesabu, anafunga katika pindo la kitenge.
"Kampuni imekumbuka?" huuliza kila mara.
Nami kila mara hujibu: ndiyo, mama,
imeanza kukumbuka.