Funguo Ndani ya Unga

Miaka ishirini na sita Mchopa aliipita Mingoyo
na tani za korosho mgongoni,
akiijua kwa mizani na faini tu.

Leo ana pikapu ya kuazima, hema la turubai,
na Somoe anayesema: simama.
Wakasimama Mnazi Mmoja, mihogo ya kuchoma.
Simama. Wakasimama Mtama bila sababu,
kumtazama mbuzi akitafuna bango la uchaguzi mpaka kwenye ahadi.

Kilomita mia na ushei zikala siku nzima.
Rondo waliingia na giza, baridi ikiuma masikio,
wakapigilia mambo kwa jiwe,
uji ukaungua kidogo.

Saa tisa usiku mkono wake uliamka kabla yake,
ukapapasa: funguo, funguo, foleni ya bandarini.
“Zimo ndani ya unga,” Somoe akasema, macho kayafumba.
“Na unga ni wa asubuhi.”

Akakaa mlangoni mwa hema, kiatu kimoja mguuni.
Komba akalia mivuleni.
Mbali, chini huko, lori lilikuwa likipanda;
akalihesabia gia: tatu,
mbili,
likapita bila yeye.

Akavua kiatu.