Ampea Mbili

Zahanati ya Ngora, saa tano asubuhi,
paneli moja ya jua juu ya bati lenye kutu.
Friji ya chanjo haipoi, inaguna tu.
Nesi Asekenye amenipigia mara nne:
"Fundi, jua liko. Umeme uko wapi?"

Napanda ngazi, mita mfukoni.
Naunganisha nyaya mbili uso kwa uso, bila mzigo:
sita. Ampea sita kamili.
Narudisha friji.
Nne.

Sajini Olinga, aliyetufundisha karakana
kwa Kiswahili cha kambini, chaki nyuma ya sikio,
alikuwa akisema, "Usitafute mwizi. Tafuta njia ya pili."
Kisha duara, mshale ndani yake,
na kando, sambamba, ukinzani wa ndani:
mlango wa uani ambao chanzo hakijui kuufunga.
"Mkondo ukifika njia panda hauchagui.
Hugawanyika. Penye wepesi hupita mwingi."

Nachana boksi la sindano, naandika mgongoni mwake:
ndani, omu kumi; friji, omu tano.
Kumi juu ya kumi na tano, mara sita.
Darasani wengi tuliweka tano juu
tukapata mbili, tukapata na fimbo,
kwa kuwa kinachokupa fungu lako
si uzito wako, ni uzito wa jirani.

Nne, basi. Mita haikusingizia.
Naweka kiganja chini ya paneli:
joto, kuliko hata bati.
Ziko humu hizo mbili,
zinazunguka nyumbani, hazijawahi kutoka.

Mama yangu, kule Kumi, huhesabu noti mara mbili
kila mwisho wa mwezi, kisha hupiga simu.
"Si ulisema laki sita?"
Nimemtajia kodi, mkaa, soli ya kiatu,
siku mbili za homa.
Hunyamaza. Kile kimya chake
hakuna mita ya kukipima.

"Paneli ni mbovu?" anauliza nesi toka chini.
Namwambia si mbovu.
Ina ndani.

Anacheka, hajaelewa, au ameelewa kunipita.
Anaifunga friji polepole, kwa nyonga,
mikono yote miwili imejaa chupa za chanjo,
na ile friji, kwa nne zake,
inaanza upya kuguna.