Amesema Nini?

Laki mbili na themanini, nimezifunga kwa raba,
nimezihesabu mara tatu tangu Barabara ya Kumi na Nne
kana kwamba noti zikitembezwa juani huzaana.
Spika za zamani zimekufa kifo cha aibu:
ya kushoto panya kaitoboa ngozi,
ya kulia inakoroma kila mtu akitamka "shikamoo".
Sabufa ipo. Hiyo haifi. Hiyo itatuzika.

Duka la kwanza, Shemdoe ananipokea kwa ngurumo.
Spika zake zanifika kifuani,
zina taa za bluu, za zambarau,
kama harusi ya mtu mwenye madeni,
na kwenye boksi pameandikwa wati elfu tano.
Wati elfu tano!
Nyumba yetu nzima, friji, pasi, na lile birika la mpangaji,
haijapata kula wati elfu tano luku isilie.
"Niwekee mtu anayeongea," nikamwambia.
"Anayeongea?"
"Mtu mmoja. Chumbani. Polepole."
Akanitazama kama niliyeingia buchani kuulizia mchicha.

Sikumwambia habari za mama.
Miaka ishirini na sita kando ya korona,
mkonge ukichanwa, na masikio yake yakichanwa pamoja nao.
Sasa filamu inakwenda, sote twacheka,
yeye anauliza, "Amesema nini?"
Namweleza. Nikimaliza, mwingine kashasema.
"Na huyu je?"
Mwisho anajishika magoti, anainuka,
anasema usingizi umemjia.
Saa mbili na robo, usingizi!
Nasi twamwacha aende, na twaona nafuu,
na hiyo nafuu ndiyo inayonila.

Duka la pili wamefunga kwa swala.
La tatu bei imepanda nilipokuwa nikivua miwani.

Nikaishia kwa fundi Semboja, nyuma ya Mgandini,
kibandani penye harufu ya lehemu na vitumbua.
Akanitolea mbili, za mbao, fupi,
moja ina duara la kikombe juu ya kichwa,
mtu aliwahi kuifanya meza.
"Hizi sura hazina," akasema.
"Zina nini?"
"Adabu. Mtu akizungumza, haziingilii."
Nikazigonga ubavuni kwa kidole, kama fenesi.
Zikajibu kwa ufupi, zikanyamaza.
Akafungulia taarifa ya habari,
nikamsikia msomaji akivuta pumzi
kabla ya jina gumu la kigeni.
Laki tatu. Laki mbili.
Laki mbili na nusu, na waya mita kumi juu yake.
Elfu thelathini ikarudi mfukoni ikiwa imeshangaa.

Nyumbani nikapanga matofali ya saruji,
mawili huku, mawili kule, nikayavika kanga kuukuu,
hadi mdomo wa spika ukalingana na sikio la aliyeketi.
Ya kulia nikaisogeza zaidi,
upande wa sikio lake linalobakia.
Sabufa nikaipunguza, Mwanamkuu akashusha pumzi.
Watoto wa jirani wakalalamika, "Mbona haitikisi?"
Haitikisi. Ndiyo.

Filamu ikaanza. Mzee mmoja anamnong'oneza mwanawe
habari ya shamba lililouzwa.
Sikuitazama. Nilimtazama mama.
Dakika tano. Kumi.
Hakuuliza kitu. Midomo yake tu ilicheza kidogo,
kama anayemsaidia yule mzee kumaliza.

Kisha ndani ya filamu mvua ikapiga bati,
na mama akaruka kitini, "Nguo zangu!"
akatoka na kandambili moja.
Nje nyota zimejaa juu ya Ngamiani,
hakuna wingu hata la kuazima.
Akarejea na shuka tatu begani, kavu kabisa,
akatukuta tumelala chini kwa kicheko.
"Mnacheka! Mvua yote ile mmekaa tu!"
Akaketi. Akaanza kukunja, bado amenuna,
mkono mmoja ukaninyooshea rimoti:
"Rudisha nyuma. Nimekosa alichosema."