Nta ya Hoteli

Kaka yangu Kimaru huja Jumapili ya mwisho wa mwezi
na gunia linalolia kama kengele za kondoo:
glasi nene za hoteli moja ya Nakuru mjini,
kila moja na nta kitakoni, nyeupe, ngumu,
kama uji uliosahauliwa na mwenye njaa.

Huko, anasema, wageni huzima stima makusudi.
Huzima! Taa ipo, tokeni zipo,
nao huomba mshumaa ili waonane vizuri.
Nilicheka hadi nikaikalia ndoo.

Mimi haja yangu ni glasi.
Plamu zimeiva hadi zinaanguka zenyewe usiku,
na jemu haiuzwi kwa kiganja.

Mara ya kwanza niliivamia nta kwa kisu.
Kisu kikateleza, kidole kikajibu.
Mara ya pili nikamimina maji yanayotokota
ndani ya glasi iliyolala nje:
ta!
Ufa mwembamba kama unywele wa mtoto
ukapanda kutoka kitako hadi mdomo,
nami nimesimama na sufuria mkononi,
namtafuta wa kulaumiwa.

Jirani yangu Nyaguthii, aliyefua miaka kumi hospitali ya misheni,
akasema: kisu inakizoea, moto ndio mama yake.
Nta inaogopa baridi. Itie kwenye friji.

Friji sina.
Lakini nina Elburgon.
Nina Julai, na ukuta wa mawe nyuma ya jiko
ambapo hata kuku hakanyagi kabla ya saa tatu.
Nikazipanga glasi juu yake, kumi na nne,
nikaingia kulala na soksi mbili mbili.

Alfajiri nyasi zilikuwa zimenyunyiziwa chumvi.
Misumeno ya mbao ilikuwa haijaamka.
Nikabonyeza nta kwa gumba, upande mmoja:
tik.
Ikajiinua upande wa pili.
Ilikuwa imejikunyata, imekiachilia kioo
kama mgeni aliyeona mwenyewe saa ya kuondoka.
Nikapindua glasi, ikatua kiganjani nzima,
kisahani cheupe chenye kitovu cheusi cha utambi.

Makombo yaliyobaki, maji ya uvuguvugu,
ya kupima kwa kiwiko kama ya kuogesha kichanga.
Kitambaa, sabuni ya mche, jivu kwa penye ukaidi.
Na maji hayo usiyamwage kwenye sinki:
nta husafiri hatua mbili, hupoa, huketi,
na haidai kodi wala hailipi. Yaache yapoe, iokote.

Kilichokataa kutoka ni harufu.
Nilizianika juani, nikazijaza majani ya chai,
nikazifunika, nikazifunua. Bado.
Mwalimu Chepng'eno, mteja wangu wa kwanza,
alirudi na glasi tupu, uso haueleweki:
“Jemu ni tamu. Ila kila nikiila
naona nimealikwa arusi ya watu nisiowajua.”
Akachukua nyingine mbili.

Visahani vya nta sikuvitupa.
Viliyeyuka vyote katika kopo la maziwa
lililosimama ndani ya sufuria ya maji,
uzi wa pamba katikati, umefungwa kwenye kijiti.

Sasa stima ikipotea,
na huku hupotea mvua ikikohoa tu,
Wanjeri wangu hufanya hesabu za sehemu
kwa mwanga wa karamu za watu wengine.
Robo na theluthi. Theluthi na nusu.
Juzi akauliza bila kuinua kichwa:
“Mama, hao wageni, samaki wanamla gizani?”
Wanamla.
“Na miiba?”

Nikaikata ncha ya utambi, moshi ukapungua.
Sijui, nikamwambia.
Kimaru akija tutamuuliza.